Kidole cha Mzee Kimya

Kama umewahi kupiga picha ya kitambulisho katika mtaa ule, basi kidevu chako kimeshaguswa na mama huyu. Studio yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la daftari, na kwa miaka ishirini na mbili amekaa humo akiwaambia watu maneno mawili: "Inua kidevu." Amewaambia mabwana harusi, amewaambia wanafunzi, na siku moja akamwambia mkuu wa polisi aliyekuja na nyota zake zote mabegani, na mkuu akainua. Ndiyo maana watu wakamwita Mama Kidevu, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti.

Usije ukampelekea Mama Kidevu picha iliyopinda. Ana dini yake ya kazi, na dini hiyo ina amri moja: kichwa kikae katikati. Masikio yote mawili yaonekane, nafasi ya kushoto ilingane na ya kulia, na juu ya nywele pabaki hewa kidogo, mtu asionekane kama amebebeshwa dari. Ukimletea picha uliyopigwa nyumbani mbele ya ukuta mchafu, atakukata na kukutoa hapo, akuweke kwenye bluu iliyotulia, na hutapoteza hata unywele mmoja. Kazi iliyotoka mkononi mwake haijawahi kurudi. Husema hivyo mwenyewe, mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Yeye na kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka sita, walitoka tumbo moja lakini hawakugawana ulimi. Kaka huyu ni karani wa meza ya mbele katika maktaba ya mji, mtu wa maneno machache, na kwa kuwa amewanyamazisha wasomaji kwa miaka ishirini na tisa, wasomaji nao wamemlipa kwa kumwita Mzee Kimya. Ukimtajia kitabu kwa rangi ya jalada tu, atakwambia kiko rafu gani na nani alikiazima mara ya mwisho. Meza ile ndiyo maisha yake. Watoto aliowaazima hadithi za picha leo wanamletea watoto wao, naye hujifanya hawakumbuki, huku anawakumbuka wote.

Alasiri moja Mzee Kimya aliingia studio, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mikono magotini kama anayesubiri kupigwa picha.

"Mdogo wangu, vuta pazia," alisema.

"Kuna nini? Umeua mtu?"

"Macho."

Mama Kidevu akavuta pazia. Kaka yake akamweleza taratibu, akitazama sakafu. Daktari alimwambia ana presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kutunzwa kwa dawa ya matone asubuhi na jioni. Haya aliyajua tangu mwaka jana, na hakumwambia mtu. Mkewe alidanganywa kwamba matone yale ni ya vumbi la vitabu.

"Na mimi je? Mimi ni jirani?"

"Wewe ungenipigia kelele."

"Nakupigia sasa hivi! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hukusikia tulipofundishwa?"

"Nilisikia. Ndiyo maana nimekuja."

Vitabu havikuwa shida, alisema. Kitabu unakisogeza karibu na uso, unakiinamia, mambo yanaisha. Shida ilianza miezi mitatu iliyopita, yale makabati ya kadi yalipotolewa na kompyuta kuwekwa mezani. Kwenye kompyuta kulikuwa na mshale mweupe, mdogo, na ukurasa wenyewe mweupe. Ukitembea aliuona kidogo. Ukitulia tu, umepotea, kama punje ya chumvi kwenye unga. Siku nzima alikuwa anatikisa kipanya kama anayechekecha nafaka, ili mshale ujitokeze, na wasomaji walishaanza kuulizana kama mzee ana ugonjwa wa kutetemeka. Alijaribu ile mishale mikubwa iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe. Mweupe ulipotea kwenye karatasi, mweusi ukapotea kwenye maandishi.

"Mkuu wetu mpya ametangaza," alisema. "Mwisho wa mwezi anachagua nani abaki meza ya mbele. Asiyeuweza mfumo anashushwa chini, stoo, kubandika vitabu vilivyochanika. Huko hakuna mtu. Kuna gundi."

Kisha akasema neno ambalo Mama Kidevu hakuwahi kulisikia kinywani mwa kaka yake tangu wazaliwe: "Nisaidie."

Wengine wangetafuta tiba. Mama Kidevu alitafuta rangi. Alishusha vitambaa vyote vya mandhari alivyonavyo, cha bluu, cheupe, cha kijani, chekundu, akavitundika kimoja kimoja, akawa anasogeza mbele yake vipande vya karatasi za kila rangi na kumuuliza kaka yake anaona nini. Kila kipande kilikuwa na mahali kilipozama. Mwishowe akachukua bahasha ya karatasi za kuchapia picha, ya rangi ya machungwa iliyokolea, na kabla hajauliza, Mzee Kimya akanyoosha kidole: "Hiyo naiona. Hiyo naiona hata ukiikimbiza."

"Basi usishushe huo mkono," Mama Kidevu akasema, akachukua kamera.

Ndivyo mkono wa Mzee Kimya ulivyopigwa picha, kidole cha shahada kimenyooka kwenda juu. Wazo lilikuwa la dada mtu: mshale wa watu wengine uwe mshale, wa kaka yake uwe kidole chake mwenyewe. Ameonyesha watu vitabu kwa kidole hicho miaka ishirini na tisa, kwa nini aache leo?

Usione vyaelea, vimeundwa. Kukata mkono ule kwenye mandhari kulimchukua dakika kumi. Kuufanya udogo unaotakiwa kulimchukua siku mbili. Alama ya kipanya haikubali zaidi ya vidoti sitini na vinne kwenda upande na sitini na vinne kwenda chini, na mkono wa mtu mzima ukibanwa humo hubaki kama andazi lililokanyagwa. Ilibidi aukate tena kidoti kwa kidoti. Akafuta kucha. Akafuta mikunjo, akafuta mshipa mmoja mzuri aliouonea fahari. Akabaki na umbo tupu la machungwa lenye ukingo mweusi, na hilo likasomeka. Akaliweka katikati kabisa ya mraba wake, nafasi ya kushoto ikilingana na ya kulia, na juu ya kidole akaacha hewa kidogo. Amri ni amri.

Halafu kompyuta ikamkatalia. Alidhani kazi imekwisha. Akachukua faili la picha, akafuta herufi tatu za mwisho za jina lake, akaandika zile za faili la kishale. Kompyuta ikasema faili hili halifai. Akarudia. Ikasema tena.

"Kubadili jina hakubadili damu," alisema kinyozi wa jirani, aliyekuwa ameegemea mlango bila kualikwa. "Hata mimi naitwa daktari wa nywele."

"Wewe rudi kwenye vichwa vyako."

Lakini kinyozi alisema kweli. Ilibidi picha igeuzwe ndani na nje. Mama Kidevu akatafuta mtandaoni ukurasa mmoja wa bure unaofanya kazi hiyo, akaupakia mkono wa kaka yake, akachagua ukubwa. Chini kulikuwa na visanduku viwili vilivyouliza mahali pa kubonyezea, na ndani yake kumeandikwa sifuri na sifuri. Mama Kidevu akafikiri ni kipimo cha kosa au cha ukingo. Sifuri kwake ilikuwa habari njema. Akaziacha zilivyo, akagusa kitufe, na faili likashuka likiwa limegeuka kweli kweli. Alipoliweka kwenye kompyuta yake, mkono mdogo wa machungwa ukatokea katikati ya kioo, msafi, umenyooka, na mama akapiga vigelegele peke yake. Akauzungusha kulia, akauzungusha kushoto. Aliutazama kwa muda mrefu. Hakubonyeza nao hata mara moja, maana yeye kazi zake hufanya kwa vidole kwenye kibodi, na kipanya chake kimejaa vumbi.

Jumamosi, maktaba ilipofungwa, Mzee Kimya alimfungulia kwa ufunguo wake. Mama Kidevu akaketi kwenye meza ya mbele, akaweka faili mahali pake, akagonga kibodi kukubali, akasimama. Kaka yake akakaa, akashika kipanya, akakisukuma pole pole. Hakutikisa chochote. Macho yake yakaufuata ule mkono kutoka kona hadi kona.

"Nauona," alisema. "Mdogo wangu, nauona."

Mama Kidevu alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amejaa furaha mpaka akamsalimia mwanamke ambaye hawajasemezana miaka minne.

Wiki ikapita. Kaka yake hakupiga simu, naye Mama Kidevu hakushangaa; Mzee Kimya akiwa na raha huwa kimya, na akiwa na shida huwa kimya vilevile. Ijumaa mchana akaingia studio, amevaa koti.

"Nipige picha mbili," alisema. "Ndogo."

"Za nini?"

"Za fomu."

"Fomu gani?"

Mama Kidevu akamweka kwenye kiti, akawasha taa, akamshika kidevu, na hapo akahisi kwamba kidevu kile kilikuwa hakitaki kuinuka. Akazima taa.

"Kaka. Fomu gani?"

"Ya kuacha kazi. Barua nimeshaiweka asubuhi kwenye trei ya mkuu. Fomu inataka picha." Akavuta pumzi. "Macho yamekwisha, mdogo wangu. Wewe umenitengenezea kitu kizuri, nakiona vizuri kabisa, na bado nakosea. Nabonyeza Azima, inajibu Rudisha. Nachagua jina la mtu, linakuja la mwingine. Juzi mwalimu mstaafu kaja kuazima kitabu cha ufugaji wa nyuki, nimemwandikia bibi mmoja anayemwogopa hata nzi. Yaani naona kitu mahali ambapo hakipo. Daktari alisema ingekuja pole pole. Imekuja kwa siku tano."

Alisema hayo bila kulia, na ndiyo yaliyomuumiza zaidi dada yake. Mama Kidevu akaketi chini, kwenye sanduku la taa.

"Hilo jina la mwingine," aliuliza, "linakuwa la juu au la chini ya unalolitaka?"

"La juu."

"Kila mara?"

"Si kila mara. Mara nyingine napatia."

"La chini limewahi?"

Mzee Kimya akafikiri. Ni mtu wa kumbukumbu, alizipitia siku tano moja moja. "La chini, hapana."

"Na Rudisha iko kushoto kwa Azima au kulia?"

"Kushoto."

Juu na kushoto. Kila kosa juu na kushoto. Macho mabovu hayachagui upande. Yangekosea huku na kule. Mama Kidevu akainuka, akaenda kwenye kompyuta yake, akapangusa vumbi kwenye kipanya, akauweka ule mkono wa machungwa, na kwa mara ya kwanza akabonyeza nao. Alielekeza ncha ya kidole kwenye faili moja. Likachaguliwa la juu yake. Akaelekeza kwenye kitufe. Kikajibu cha kushoto.

Akaelewa, na joto likampanda mpaka masikioni. Kompyuta haijui kidole ni nini. Yenyewe huona mraba tu, na ndani ya mraba inataka kuambiwa ni kidoti kipi kimoja kinachobonyeza. Usipoiambia, inachukua kidoti cha kona ya juu kushoto, kwa sababu mshale wa kawaida ncha yake iko hapo hapo kwenye kona. Yeye, kwa dini yake ya kuweka kila kitu katikati, alikichukua kidole akakisogeza mbali na kona, akakiachia hewa juu, akakilinganisha pande zote. Ncha iliyobonyeza ilibaki kule pembeni, penye utupu, haionekani. Zile sifuri mbili ndizo zilizokuwa zinauliza.

Sasa hapa nataka tusimame kidogo, maana Mama Kidevu alisimama. Mgongo wake ulikuwa kwa kaka yake. Angeweza kubadili zile namba kimya kimya kwa dakika moja, akageuka, akasema kompyuta ya maktaba ina hitilafu, nimeirekebisha. Kazi yake ingebaki haijawahi kurudi. Nani angejua? Kinyozi alikuwa na mteja. Alilifikiria hilo, na tusimfiche, alilifikiria kwa dakika nzima.

Akageuka.

"Kaka, si macho. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nimekosea mimi. Kidole unachokiona sicho kinachobonyeza. Kinachobonyeza kiko juu yake, kushoto, hakionekani. Mtu mwenye macho ya mwewe angekosea vilevile. Njoo ujaribu. Nimekutesa siku tano, na ni kwa sababu niliitazama kazi yangu badala ya kuijaribu."

Mzee Kimya akaja, akainamia kioo. Akajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Mama Kidevu alisubiri akaripiwe. Alitaka kukaripiwa, angepumua. Lakini kaka yake alikaa tu akiwa ameshika kipanya, kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, kikakua, kikajaza chumba, na machozi yakamtoka humo humo ndani ya kicheko.

"Kumbe si macho," alikuwa anasema. "Kumbe si macho."

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kulia. Mama Kidevu akarudi kwenye ule ukurasa, akahesabu vidoti kutoka kona mpaka ncha ya kidole: thelathini na kimoja kwenda kulia, kumi na vinne kwenda chini. Akaviandika. Safari hii alibonyeza mara hamsini kabla ya kutoka mlangoni, na kinyozi alipoitwa naye akabonyeza.

Walifika maktaba saa kumi, wakipanda ngazi kwa haraka isiyolingana na umri wao. Mama Kidevu akabadilisha faili. Lakini barua ilikuwa haipo tena kwenye trei. Mkuu wa maktaba, mama kijana mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele, alikuwa amesimama nyuma yao akiwa ameishika mkononi.

"Mzee wangu, hii inasema sababu za kibinafsi," alisema. "Sababu zipi?"

Mama Kidevu akafungua kinywa. Kaka yake akamwekea mkono begani, naye akakifunga.

"Nina presha ya macho, mama," alisema Mzee Kimya. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, si ya kunong'ona, na wasomaji wawili waliinua vichwa. "Nimeificha mwaka mzima. Mshale wenu siuoni. Huyu mdogo wangu amenitengenezea wa kwangu. Wiki hii nimeharibu maandiko kumi na moja, nayakumbuka yote, nitayarekebisha kabla sijaondoka leo. Nilidhani nimekwisha. Sijakwisha. Naomba barua yangu."

Mkuu akaishusha barua.

"Mwaka mzima," alisema. "Na mimi nikidhani unanidharau. Kila nikija upande wako unajifanya unapanga mihuri."

"Nilikuwa naogopa usije ukaona ninavyotafuta mshale."

"Kaa."

Akakaa. Mkuu akamtajia majina ya wasomaji, moja baada ya jingine, kutoka kila pembe ya orodha, kwa haraka ya mtu asiyetaka kumpendelea mtu. Kidole cha machungwa kikaenda, kikatulia, kikabonyeza. Jina likafunguka, lile lile. Kikaenda tena. Alipotaja la kumi akaacha. Akaiweka barua mezani, akaisogeza mpaka ikagusa mkono wa mzee.

"Meza ni yako. Lakini macho yakipungua tena, nataka niwe wa kwanza kujua, si wa mwisho."

"Utajua, mama."

Mkuu alipokwenda zake, Mama Kidevu alibaki amesimama pembeni ya meza, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Mwishowe akasema, "Nisamehe kwa siku zile tano, kaka."

Mzee Kimya alikuwa ameshafungua andiko la kwanza kati ya yale kumi na moja, la mwalimu na nyuki wake. Hakuinua uso.

"Zile siku tano nilikuwa kipofu," alisema. "Nililala kipofu, nikaamka kipofu, nikala nikiwa kipofu. Chakula kilikuwa kile kile. Mke wangu alikuwa yule yule. Nikasema, kumbe." Akabonyeza, akatazama, ikakubali. "Siku ikija kweli, itakuta nimeshapita hapo. Usiniombe msamaha kwa hilo."

Akaendelea na la pili. Mama Kidevu akavuta kiti, akaketi kando yake, akawa anamsomea majina mpaka kazi ilipokwisha.